Katesh: mji wa ngano usio na reli

Wasomaji wangu, leo nataka tuongee juu ya neno moja ambalo sisi waandishi wa habari tunalitumia kama chumvi kwenye mboga. Neno lenyewe ni "uvamizi".

Nianze kwa kukiri kosa. Miezi michache baada ya kuajiriwa niliandika habari fupi, aya nne tu, juu ya wafugaji walioingiza ng'ombe kwenye shamba moja kubwa huko Hanang, mkoani Manyara. Nilipata maelezo kwa simu kutoka kwa ofisa mmoja, nikaandika "wafugaji wavamia shamba", habari ikatoka kesho yake, nikafurahi kuona jina langu gazetini. Sikumpigia simu mfugaji hata mmoja. Sikuuliza lile shamba lilianza lini kuwa shamba, wala kabla ya hapo lilikuwa nini. Chuo nilifundishwa kuuliza nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Siku ile niliuliza mawili, nikayaacha manne.

Basi, Desemba 2023 nikapata safari ya kwenda Katesh, makao makuu ya wilaya hiyo ya Hanang, kwa sababu ya yale maporomoko ya tope ambayo wote tunayakumbuka. Nilipanda basi kutoka Singida. Ukishatoka Singida na kuelekea kaskazini mashariki nchi inafunguka, unaona tambarare, upepo, mtu mmoja mmoja na ng'ombe wake, na kwa mbali ule mlima umesimama peke yake kama mtu aliyefika mapema kwenye mkutano. Nikasema kwa sauti, kama tunavyosema watu wa Dar, "Duh, ardhi yote hii imekaa tupu!" Mzee aliyekaa kiti cha pembeni, amejifunga shuka lake na fimbo ameiegemeza dirishani, akanigeukia akaniuliza taratibu: "Tupu kwa nani, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Makala hii ni jaribio langu la kulijibu swali la mzee yule, nikiwa nimechelewa.

Mahali penyewe

Kwa wale ambao hawajafika, Katesh ni mji mdogo ulio chini ya Mlima Hanang. Mlima huo una urefu wa zaidi ya mita 3,400 na huhesabiwa kuwa wa nne kwa urefu Tanzania. Upande mmoja kuna Ziwa Balangida, ziwa la chumvi ambalo wakati wa kiangazi hubaki uwanja mweupe. Upande wa magharibi kuna Basotu, yenye ziwa lake na tambarare zake ambazo ndizo kiini cha hadithi hii. Ukipanda kaskazini unafika nyanda za juu za Mbulu, kwa Wairaqw, ambako kila kipande cha mteremko kimelimwa na kina mwenyewe.

Kiutawala sehemu hii imegawanywa na kugawanywa tena. Mwanzo kila kitu kilikuwa Mbulu, ambako Wajerumani walijenga boma lao na Waingereza wakalirithi. Mwaka 1969 Hanang ikawa wilaya yake, lakini makao makuu yalikuwa Babati, kwenye ile barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma. Katesh ilibaki kituo cha biashara, maduka na mnada wa ng'ombe. Mwaka 1985 Babati nayo ilipopewa wilaya yake, ndipo Katesh ikapata heshima ya kuwa makao makuu. Mwaka 2002 wilaya hizi zote zikatolewa Mkoa wa Arusha na kuwa Mkoa wa Manyara. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 275,990 katika Wilaya ya Hanang.

Reli haijawahi kufika hapa. Ilifika Arusha mwishoni mwa mwaka 1929, ikaishia hapo. Upande wa kusini, miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi la Reli ya Kati kutoka Manyoni, likapita Singida hadi Kinyangiri, yaani lilikuwa linainyemelea kabisa nchi ya Hanang. Likang'olewa miaka ya 1940. Baadaye sana Singida ikarudishiwa reli yake, lakini haikusogea mbele. Lami yenyewe ya kutoka Singida kupita Katesh hadi Babati ilikamilika miaka ya mwanzo ya 2010. Kwa hiyo kila kilichoingia na kutoka Katesh kwa miaka mingi kilipita barabara ya vumbi, na wakati wa masika barabara ya tope.

Nimeitaja reli kwa makusudi, kwa maana kuna nchi nyingine ya nyasi, mbali sana na hapa, ambayo iliumbwa na reli. Na siku moja nchi hiyo ilikuja Hanang.

Wenye nyasi

Kwanza tuwajue wenyeji. Wabarabaig ni tawi moja la Wadatoga. Majirani wengi huwaita Wamang'ati, jina walilopewa na Wamasai ambalo maana yake ni adui. Fikiria unaishi nchini mwako na kwenye mazungumzo ya kila siku unaitwa "adui", na wanaokuita hivyo wala hawajui kwamba wanakutukana.

Zamani Wadatoga walikalia nyanda za Ngorongoro. Karne ya 19 Wamasai wakawashinda na kuwasukuma kusini, na mpaka leo ndani ya kreta kuna mahali pa makaburi ya Wadatoga panapoheshimiwa. Waliosogea kusini wakaufikia Mlima Hanang na tambarare zake. Kwa hiyo hata wao walikuja kutoka mahali pengine, kama karibu kila kabila nchini hapa. Ila walipokuja hawakukuta mashamba ya mtu na kuyang'oa. Walikuta nyasi, na wakajifunza kuishi nazo.

Hapa ndipo sisi wasomi wa mjini tunapokosea. Tunadhani mfugaji anatangatanga tu, anafuata ng'ombe na ng'ombe anafuata mvua. Mtafiti Charles Lane, aliyeishi na Wabarabaig miaka ya 1980 na kuandika kitabu juu ya ardhi yao, alieleza kwamba walikuwa na mpango mzima wa kuzungusha mifugo. Walijua aina za malisho kwa majina, kuna ya mlimani, ya kando ya ziwa, ya vichakani, na kila moja ina msimu wake. Yaliyo bora kuliko yote ni yale ya tambarare zenye udongo mzito na rutuba, ambayo wao huyaita muhajega. Huko ng'ombe waliingia mvua ikinyesha, wakanenepa, wakatoa maziwa, kisha wakaondolewa ili nyasi zipumzike. Wazee walikuwa na mabaraza ya kuamua nani alishe wapi na lini, na mwenye kukiuka alitozwa faini.

Kwa hiyo mgeni anayepita kiangazi kwenye muhajega hataona ng'ombe wala mtu. Atasema ni tupu. Ni sawa na mtu aingie sebuleni kwako saa sita usiku, asikute mtu, aseme nyumba haina mwenyewe. Wewe umelala chumbani!

Na si nyasi tu. Kwenye tambarare hizo kuna makaburi ya wazee walioheshimika. Mzee wa namna hiyo akifariki, mazishi yake huchukua miezi, watu wa koo mbalimbali hukusanyika na kujenga kichuguu kirefu cha udongo juu ya kaburi. Kinaitwa bung'eda. Ukoo unarudi pale kuomba na kukumbuka. Kwa Wabarabaig hizo ndizo hati za ardhi, zimeandikwa kwa udongo badala ya karatasi.

Nchi ya nyasi ya Wakanada

Sasa twende Kanada kidogo. Katikati ya nchi ile kuna tambarare kubwa za nyasi, katika majimbo ya Manitoba, Saskatchewan na Alberta. Hapo zamani walikaa watu wa mataifa ya asili, na nyati wa kule, aina ya baisani, walikuwa chakula chao, nguo yao na nyumba yao. Mwaka 1872 serikali ya Kanada ikapitisha sheria ya kugawa ardhi hiyo kwa walowezi, ekari 160 kwa familia, kwa ada ndogo tu. Miaka ya 1870 ikawatia wenyeji saini mikataba ya kuachia ardhi, na wenyeji wakahamishiwa kwenye maeneo maalumu. Nyati walikuwa wanakwisha, watu wana njaa, na mwenye njaa hajadili sana masharti. Mwaka 1885 reli ya Canadian Pacific ikakamilika kutoka mashariki hadi pwani ya magharibi.

Reli ndiyo iliyopanda miji. Vituo viliwekwa kwa kipimo: mkulima aweze kutoka na gari lake la farasi lililobeba ngano, afike kituoni na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kila kituo kikawa na ghala refu la nafaka, duka, kanisa, shule na hoteli. Miaka ya 1930 maghala hayo yalizidi 5,000. Ukisoma historia za miji hiyo utakuta nyingi zinaanza na siku ya treni ya kwanza, kana kwamba kabla ya filimbi ya treni hapakuwa na kitu pale.

Baadaye magari na barabara nzuri zilipokuja, mkulima hakuhitaji tena kituo kila baada ya maili chache. Njia nyingi ndogo za reli zikafungwa, maghala yakabomolewa, na miji mingi ikabaki na watu wachache na makaburi. Kumbe mji uliozaliwa kwa sababu moja huweza kufa kwa sababu moja.

Nadhani mnaanza kuona ninakoelekea.

Ngano yashuka Hanang

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa na Azimio la Arusha mkononi na miji iliyoanza kupenda mkate. Ngano ilikuwa inaagizwa nje kwa fedha za kigeni. Serikali ikatafuta namna ya kujitosheleza, na Kanada, nchi rafiki katika Jumuiya ya Madola, isiyo na historia ya kututawala, ikakubali kusaidia. Wataalamu wakaja na kuiona Basotu. Udongo mzuri, ardhi tambarare, hali ya hewa ya ubaridi. Kwa macho ya mtu wa Saskatchewan ilikuwa kama kurudi nyumbani.

Shirika la umma la NAFCO, lililoundwa mwaka 1969 kusimamia mashamba makubwa ya taifa, likapewa kazi. Lilianza shamba la Basotu, kisha yakafuata Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Mashamba saba, kila moja kama ekari 10,000. Ekari 10,000 ni eneo la kilomita 8 kwa 5. Ukiweka na ardhi nyingine iliyotengwa kwa ajili ya mradi inakaribia ekari 100,000. Na zilichaguliwa zile zile tambarare za muhajega, kwa sababu udongo unaofaa ng'ombe wa Kibarabaig ndio unaofaa ngano ya Kikanada.

Msaada wa Kanada uliendelea kwa zaidi ya miaka 20 na thamani yake inatajwa kuwa zaidi ya dola milioni 60 za nchi hiyo. Yalikuja matrekta makubwa, mashine za kuvunia, vipuri, wataalamu na familia zao. Vijana wetu walipelekwa Kanada kusoma. Kituo cha utafiti cha Selian, Arusha, kikatoa mbegu. Ni haki kusema kwamba kazi ilifanyika. Kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa Tanzania ilitoka hapa, ikapakiwa kwenye malori kwenda vinu vya Shirika la Taifa la Usagishaji. Bila reli, kumbuka. Kila gunia lilikwenda kwa dizeli, na dizeli yenyewe ilikuja kwa dizeli.

Wazazi wetu wanaokumbuka foleni za mkate za mwanzo wa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, wajue kwamba mkate ule, ulipopatikana, huenda ulitoka kwenye muhajega. Siandiki haya kuwabeza waliobuni mradi. Nchi ilikuwa na shida ya kweli, na ukame wa 1973 hadi 1975 ulikuwa umetufundisha maana ya kuagiza chakula huku hazina ni tupu.

Lakini hesabu ina pande mbili. Kilimo cha mashine kubwa kinahitaji watu wachache, kwa hiyo ajira hazikulingana na ardhi iliyochukuliwa. Vipuri vilitoka nje. Na Mbarabaig hakula mkate ule. Yeye alipoteza malisho ya masika, ng'ombe wakarundikana kwenye sehemu zilizobaki, mlimani na vichakani, nyasi za huko nazo zikachoka kwa kukosa mapumziko. Kisha wataalamu wakaja wakaona ardhi imechoka, wakaandika kwamba wafugaji wanaharibu mazingira!

Njia za kwenda kwenye maji na kwenye majumba zikakatwa na mashamba. Aliyepita na ng'ombe alihesabiwa mhalifu. Malalamiko ya watu kupigwa, kutozwa faini na nyumba kuchomwa yakawa mengi. Na zile bung'eda, nyingine zililimwa na trekta. Dereva pengine aliona kichuguu tu.

Mahakamani

Wabarabaig wana sifa ya ukali, na magazeti yetu yanaipenda sifa hiyo. Lakini tazama walichofanya: walikwenda mahakamani.

Mwaka 1981 Kijiji cha Mulbadaw pamoja na watu 67 waliishitaki NAFCO katika Mahakama Kuu, Arusha. Mwaka 1984 wakashinda. Mahakama ikakubali kwamba walikuwa na haki za kimila juu ya ardhi ile. Furaha haikudumu. NAFCO ilikata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu. Ilisema kijiji chenyewe hakikuthibitisha kupewa ardhi, na kwamba walalamikaji mmoja mmoja hawakuthibitisha kuwa ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi.

Soma tena sentensi hiyo. Sheria ya ardhi iliyoachwa na Waingereza tangu 1923 iliwalinda "wenyeji", na kwa maana ya sheria mwenyeji ni Mwafrika. Robo karne baada ya uhuru, wanakijiji wa Hanang wakaambiwa hawakuleta ushahidi wa jambo ambalo hakuna aliyefikiri linahitaji ushahidi.

Kesi nyingine zikafuata. Nayo serikali haikukaa kimya. Mwaka 1989 ilitoa amri ya kufuta haki za kimila katika maeneo ya mashamba hayo. Mwaka huo huo Wabarabaig waliwaandikia wananchi wa Kanada barua ya wazi. Hawakuomba msaada. Waliwaeleza kinachofanywa kwa fedha zao. Naambiwa kule ilisomwa kuliko ilivyosomwa hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kanada ikajitoa, na mwaka 1993 tume iliyoongozwa na Jaji Robert Kisanga ikachunguza malalamiko ya ukiukaji wa haki za binadamu katika mashamba yale ya ngano.

Sasa kuna kesi moja ambayo kila Mtanzania mwenye shamba la babu kijijini anapaswa kuijua, na inatoka jirani kabisa. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay walikuwa wakulima wa Mbulumbulu, sehemu ambayo leo ni Karatu na zamani ilikuwa Mbulu. Ardhi yao ilichukuliwa wakati wa Operesheni Vijiji, wakaidai mahakamani, wakairudia. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kufuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa, pamoja na kesi zake. Baba na mwana wakapinga sheria yenyewe. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikatamka kwamba haki ya kimila ya ardhi ni mali, inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na haiwezi kuchukuliwa bila fidia. Ilieleza kwamba kama si hivyo, wakazi wengi wa nchi hii wangekuwa sawa na wavamizi katika nchi yao wenyewe.

Neno hilo hapo. Wavamizi. Nililisoma usiku mmoja nikiwa na ile habari yangu ya aya nne mezani.

Yaliyobaki

Bila msaada, mashamba yalidhoofika. Mashine zikafa, nyingine zikawa vyuma chakavu. Miaka ya 2000 serikali ikaamua kuachana nayo: sehemu ya mashamba ikarudishwa kwa vijiji, sehemu ikaenda kwa wawekezaji. Shamba la Mulbadaw, lile la kesi, likaenda kwa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norway na kufunguliwa mwaka 1955, inayowahudumia watu wa Mbulu, Hanang na mikoa ya jirani. Lakini kurudisha hakukumaliza ugomvi, kwa sababu ardhi iliyorudishwa kwa "kijiji" mara nyingi iligawanywa kwa ekari za kulima, na mpango wa malisho hauwezi kurudishwa kwa vipande vya ekari mbili mbili. Wapo Wabarabaig walioondoka kabisa na ng'ombe wao. Utawakuta Morogoro, Mbeya, Rukwa, Lindi. Na huko wanakofika, magazeti huandika nini? Mnajua.

Katesh yenyewe haikufa kama vile vituo vya Kanada. Huenda imeokolewa na hilo la kukosa reli. Haikuzaliwa na ngano peke yake. Ilikuwa na mnada, ina ofisi za wilaya, ina mahindi, vitunguu, alizeti na sasa lami. Gereji za mjini, kupura ngano kwa mashine na biashara ya kukodisha trekta ni urithi wa miaka ile pia.

Halafu ikaja alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023. Mvua ilikuwa kubwa, sehemu ya mlima ikaachia, tope, mawe na magogo vikashuka Katesh, Jorodom, Gendabi na vitongoji vya jirani. Watu 89 walipoteza maisha. Rais Samia, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi, alikatisha safari na kurudi. Mimi nilifika nikakuta watu wanachimba kwa majembe na mikono pamoja na askari, na mtaani kuna vitu ambavyo sitaviandika hapa.

Serikali na wadau walijenga zaidi ya nyumba 100 za waathirika. Mnajua zilijengwa wapi? Waret. Jina lile lile la shamba la mwisho katika orodha niliyowapa hapo juu. Mahali palipokuwa malisho, pakawa ngano ya taifa, pakawa mgogoro, leo pana mabati mapya na watoto wanacheza mpira. Sisemi kwamba hilo limefuta lililotangulia. Nasema tu kwamba ardhi haijawahi kuwa tupu hata siku moja. Kila aliyekuja na ramani alikuta mtu, na kila mara aliandika kwamba hakumkuta.

Nirudi kwa mzee wa kwenye basi. Tuliachana stendi ya Katesh, yeye akaenda kutafuta ndugu zake na mimi kutafuta habari. Sikumwuliza jina wala sikumwambia kazi yangu. Ningemwambia, pengine angeniuliza nimewahi kuandika nini juu ya Hanang.

Ile habari yangu bado ipo kwenye maktaba ya gazeti, na kesho na keshokutwa mwanafunzi fulani anaweza kuinukuu kama ushahidi kwamba wafugaji walivamia. Siwezi kuifuta. Ninachoweza ni kuandika hii na kuiweka karibu nayo. Na wenzangu wa chumba cha habari, ofisa akiwapigia simu kusema kuna uvamizi, kabla ya kuandika, muulizeni aliyefika kwanza ni nani.

Tuonane wiki ijayo.